Naomba ushauri: namba ya saa 30 za malezi (England) imetoka siku 2 baada ya mwisho

Habari zenu wanakikundi. Mtoto ana miaka 2, wazazi wote tumeajiriwa, na tunaomba saa 30 kwa wiki za malezi ya bure ambazo serikali inawalipia wazazi wanaofanya kazi; chekechea inahitaji namba ya kuthibitisha kwamba tunastahili. Mapato hayana utata: kila mmoja anavuka kiwango cha saa 16 kwa wiki za kima cha chini, na kikomo cha juu cha pauni 100,000 kwa mwaka tunakisikia tu. Maombi tuliyatuma mtandaoni tarehe 27 Agosti, ukurasa ukaandika kwamba yanakaguliwa. Namba ya tarakimu 11 ikatoka 2 Septemba. Kwa muhula wa Septemba ilitakiwa iwe imetoka kufikia 31 Agosti, kwa hiyo chekechea inasema saa zitaanza Januari, na hapo katikati lazima tuithibitishe upya, maana uthibitisho ni kila miezi 3.

Halmashauri nimeshapiga simu. Wanasema wao hawagusi tarehe.

Kuna aliyefanikiwa kurudishiwa tarehe nyuma, na alidai kwa nani? Picha ya skrini ya tarehe 27 ninayo.

La pili: tunapata Universal Credit (ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kidogo. Hadi Januari, tudai humo asilimia 85 ya ada, au tuiache tufungue Tax-Free Childcare, akaunti ya ada za malezi ambayo serikali inaongeza pauni 2 kwa kila 8 tunazoweka? Vyote viwili kwa pamoja haviruhusiwi.

Asanteni.