Naomba ushauri: mwasumini wa bibi hautoi maua

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa wanaojua maua ya nyumbani.

Nimekulia Pangani kwa bibi mzaa mama. Alikuwa na mwasumini karibu na kisima, na kila alasiri alitutuma tuchume asumini zikiwa bado tumba, kabla hazijafunguka. Akikaa mkekani na sindano yake anazitunga uzi mmoja mmoja, nyingine anazifunga na rihani na mkadi kuwa kikuba, yaani kishada cha maua ya kunukia cha kujipambia. Mdogo wangu alikuwa analala na tumba mbili chini ya mto. Hadi leo nikisikia harufu ile, namwona bibi na kanga yake.

Bibi hatunaye tena na ile nyumba imeuzwa. Kabla ya kukabidhi funguo nilikata tawi, nikaja nalo Iringa, nikalipanda kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini. Limeshika, namshukuru Mungu, ila huu ni mwaka wa pili halijatoa hata ua moja. Majani ya chini yanakuwa manjano, hasa baridi ya Juni na Julai inapoanza. Ndoo iko barazani, jua linaipata asubuhi tu.

Je, niuhamishie ardhini penye jua la kutwa, au baridi ya huku itauua? Niupogoe? Samadi ya mbuzi niweke kiasi gani? Nina mche huu mmoja tu, naogopa kujaribu ovyo. Aliyewahi kukuza asumini sehemu za baridi anielekeze tafadhali.