Mtu ana kadi ya bima lakini dawa ananunua mwenyewe, tatizo liko wapi hasa?

Mlezi wa Mama

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie kuelewa maana hili jambo limenikaa kooni wiki nzima. Mama yangu ana presha na sukari, kadi ya bima anayo na mchango tunalipa bila kuchelewa. Juzi nimempeleka kliniki, tumefika bado giza ili tuwahi namba, tumeonwa saa saba mchana, daktari kamsikiliza vizuri tu sina neno naye, kaandika dawa aina tatu. Kufika dirisha la dawa yule dada akapiga tiki moja, zile mbili akazizungushia duara akanirudishia karatasi, "hizi mtatafuta nje". Hakunijibu vibaya wala nini, alikuwa amechoka tu, na nyuma yangu naona kila karatasi inayopita inapigwa maduara yaleyale.

Kilichoniumiza zaidi ni mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja, mtoto yuko mgongoni anahema harakaharaka, mkononi ana karatasi ya rufaa ameikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Yeye kadi hana. Anahesabu hela, anaziweka, anazitoa anahesabu tena. Zilikuwa zinatosha kipimo au nauli ya kwenda huko alikoandikiwa, sio vyote viwili. Nilimchangia nilichokuwa nacho ila mpaka tunaondoka alikuwa bado amekaa palepale.

Sasa swali langu, kila siku tunasikia mageuzi ya afya, bima kwa wote, huduma kwa wote, hivi hayo mageuzi yanatakiwa yaanzie wapi ili yamfikie yule mama? Ni bima, ni dawa, ni wahudumu, ni nini? Na kuna nchi imeweza kweli? Wenye uelewa naombeni mfunguke, na wanaofanya kazi huko ndani pia, sijaja kumlaumu mtu.

Zamu ya Usiku

Pole sana ndugu yangu na mpe pole mama. Mimi ni muuguzi, hayo maduara nimeyachora mwenyewe mara nyingi mno na naomba nikuelezee yanatokea wapi, maana mgonjwa anaona dirisha tu haoni kilichoko nyuma yake.

Kituo kinatibu watu wenye kadi, kinaandika madai, kinapeleka kwenye mfuko wa bima. Mfuko ukichelewa kulipa, au ukikata madai kwa sababu fomu moja imekosa sahihi, kituo kinakosa hela ya kuagiza dawa. Mwezi unaofuata oda inakwenda pungufu, na hiyo pungufu ikifika bohari nako unaambiwa hawana yote, chukueni nusu. Kwahiyo dawa za presha na sukari zinazotumika kila siku ndo zinaisha mwanzo wa mwezi kabisa. Mwenye uwezo anaenda duka la nje, asiye na uwezo anakaa bila kumeza kitu mpaka siku analetwa amepooza upande mmoja, na hapo gharama yake ni kubwa kuliko vidonge vya miaka kumi. Hilo linaniuma kuliko yote maana namkumbuka alivyokuja kwa miguu yake mwenyewe.

Halafu watu. Usiku naweza kuwa peke yangu na wodi nzima, mmoja anataka kujifungua, mwingine dripu imeisha, ndugu wa watatu ananigombeza. Ukigawa kadi kwa watu wote kesho asubuhi bila kuniongezea hata mwenzangu mmoja, foleni ndo itaongezeka. Na nauli ya rufaa bima nyingi hazigusi kabisa, wakati kwa mtu anayekaa mbali nauli ndo bili yenyewe.

Mzee wa Rekodi

Zamu ya Usiku kaongea ukweli mtupu. Mlezi umeuliza kama kuna nchi imeweza, zipo, na ukiangalia walivyofanya utaona hawakuanza na kadi peke yake.

Chukua Thailand. Mwaka 2002 walileta mpango wa kila mtu kutibiwa kwa kulipa baht 30 tu kwa ziara, hela ndogo sana, na waliobaki bila bima yoyote wakaingizwa humo. Watu wengi wanausifia mwaka huo lakini wanasahau kwamba kwa miongo kabla ya hapo serikali ilikuwa inajenga hospitali za wilaya na vituo vijijini, na madaktari wakihitimu wanapelekwa kufanya kazi huko kwanza. Siku mlango wa hela ulipofunguliwa, nyuma yake kulikuwa na mtu wa kukupokea.

Sierra Leone Aprili 2010 waliondoa malipo kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano, na wakapandisha mishahara ya wahudumu maana walijua watu watafurika. Yule mama wa benchi na mtoto wake ndo watu waliolengwa kabisa na mpango wa namna hiyo. Uganda nao walifuta malipo kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, masikini wakaanza kwenda hospitali kwa wingi, hilo ni jema sana, ila dawa zikawa zinaisha na familia zikajikuta zinanunua nje. Ndo maduara yako hayo. Malipo ya dirishani yanaondoka yanahamia dukani.

Nyota ya Asubuhi

Nakubaliana na mengi hapo juu ila naomba tusije tukaidharau bima, maana naona mjadala unaelekea huko. Bila kuchangia pamoja mgonjwa anabaki na ugonjwa wake na mfuko wake basi. Maana yote ya bima ni kwamba mzima anamchangia mgonjwa na mwenye nacho anamchangia asiye nacho, na ulipe ukiwa mzima sio ukiwa umelala kitandani. Tatizo linakuja pale ambapo kujiunga ni hiari, wazima wanasema ngoja kwanza, wanaojiunga ni wagonjwa tupu, mfuko unatoa zaidi ya unachoingiza, michango inapandishwa, wengine wanatoka, unazidi kukauka. Na ukiacha kila kundi liwe na mfuko wake, wafanyakazi wa maofisini kivyao, wakulima na wachuuzi kivyao, basi wenye mishahara watatibiwa vizuri na wengine watapata kadi ya maduara.

Uingereza walikwepa hilo kwa kutumia kodi. Tarehe 5 Julai 1948 waziri wa afya Aneurin Bevan alizindua huduma ya taifa, unatibiwa hulipi pale. Mwaka 1951 serikali ileile ikataka watu wachangie meno ya bandia na miwani, Bevan akajiuzulu uwaziri. Kuna wanaomuona alizidisha, mimi namuelewa.

Na hata hapo haikuisha. Mwaka 1971 daktari mmoja aliyekuwa anatibu wachimba makaa ya mawe huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri huwa haba palepale inapohitajika zaidi, na hali inakuwa mbaya zaidi kadiri tiba inavyoachiwa soko. Ukitaka kuliona hilo soko angalia Marekani, sheria yao ya 2010 ilizuia makampuni ya bima kumkataa mtu kwa sababu alikuwa anaumwa tayari, ilisaidia mamilioni, lakini mpaka leo zaidi ya watu milioni 20 hawana bima kwenye nchi inayotumia hela nyingi kwenye afya kuliko nchi yoyote duniani. Kwahiyo hela peke yake nayo sio jibu, cha kuuliza inakusanywaje na inapelekwa kwa nani kwanza.

Mlezi wa Mama

Asanteni sana aisee, nimesoma yote mara mbili. Kumbe mimi nilikuwa namuangalia dada wa dirishani wakati shida imeanzia mbali huko kwenye madai. Zamu ya Usiku nikuulize, mtu wa kawaida kama mimi naweza kuhoji wapi? Maana mama anarudi kliniki mwezi ujao na sitaki nikasimame tena kimya.

Zamu ya Usiku

Uliza kama kituo chenu kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi, vituo vingi vinayo ila vikao vyake havina watu. Nenda kikao, omba mambo mawili tu, dawa zipi ziliisha na zilikaa siku ngapi bila kuwepo, halafu madai ya bima ya miezi mingapi hayajalipwa. Hivyo vyote vimeandikwa kwenye daftari, mfamasia anavijua kwa kichwa na amini usiamini atafurahi kuna mtu ameuliza. Na zile karatasi za mama zenye maduara usizitupe, zitunze zote na tarehe zake, nenda nazo.