Siri za binti yangu ziko kwa mpaka hina

MamaLangoni:
Assalamu alaykum jamani. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, na nina binti wa miaka 16, kidato cha tatu. Juzi nilikwenda kupakwa piko, tuna harusi ya mtoto wa wifi yangu. Yule mpaka hina, huku anichora, akaniuliza, "Na yule wa Shela, wameshapatana?" Nikadhani ni habari za harusi. Kumbe ni mwanangu! Na mkono wangu uko kwake, rangi mbichi, hata kuinuka siwezi. Nikamjibu "wameshapatana" ili nisikie mengine.

Huyo mvulana nimemuulizia kwa njia zangu. Ni mwanafunzi kama yeye, kidato cha nne. Wanaandikiana WhatsApp, na jioni huonana pale ufukweni karibu na gati, watu tele. Hilo nimeshukuru. Lakini mpaka hina ajua, mabinamu wajua, shogake wa shule ajua, na mimi ninayempigia pasi sare sijui lolote. Binti sijamwambia kitu.

Nyinyi wenye watoto wa rika hili, wao humwambia nani? Na mama aingie au akae nje? Msinijibu "muombee dua". Dua naomba.

BiMkomani:
Mwanangu, zamani zetu mama hakuambiwa. Ukivunja ungo unapewa somo wako, yeye ndiye akufunzaye kujitwahirisha, kujisitiri, na kumjua mwanamume mwenye nia na asiye nayo. Mama aliona haya kuyataja nawe ukaona haya kuyasikia kwake, na nyumba ikakalika. Nimekuwa somo wa wasichana kadhaa, na mama zao hadi leo hawajapata neno kwangu.

Siku hizi somo aitwa harusi ikikaribia, apige vigelegele ale biriani. Tangu kuvunja ungo hadi hapo msichana hana mtu mzima wa kumwambia, ndipo akaenda kwa mpaka hina. Ubaya wa mpaka hina ni kuwa hupaka na mikono mingine.

Mvuli wa Matondoni:
Sisi wavulana hata huyo mpaka hina hatuna. Nilipokuwa shule nilimwambia fundi wa majahazi niliyekuwa nikimsaidia likizo. Hakunipa hotuba. Aliniuliza, "Kwao wakujua? Una cha kumlisha?" kisha akaendelea kutia kalafati. Nilikaa na maswali yale mwezi mzima. Wenzangu wa barazani wao huuliza umefika wapi tu, na ukisema hujafika popote wanakucheka, basi unadanganya. Babangu tukizungumza ni Arsenal na karo.

Mwalimu Amu:
Nafundisha sekondari. Tuna mwalimu wa ushauri nasaha, mtu mzuri sana, lakini mlango wake watazamana na chumba cha walimu. Mtoto akiingia, kabla ya kengele darasa zima linajua. Wanaokuja huja mambo yameshaharibika. Wengine nimewapa 116, simu ya watoto, haina malipo, na anayepokea hajui mtoto huyu ni wa nyumba gani. Kwa mji mdogo kama wetu hilo ni kubwa.

BiMkomani, siri ina mpaka lakini. Mtu mzima akilala na msichana ambaye hajafika 18, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haitazami kama msichana alikubali. Akiwa na 16 au 17 ni kifungo kisichopungua miaka 15. Akiwa na 12 hadi 15, kisichopungua 20. Hata mvulana wa 17 hushtakiwa, na yeye hakuna anayemwambia.

BiMkomani:
Ya mtu mzima sifichi. Hiyo naipeleka kwa mjomba wa mtoto siku hiyo hiyo, na msichana namwambia tangu mwanzo kuwa nitaipeleka.

MamaLangoni:
Ahsanteni. Bi Mkomani, nimemfikiria mdogo wangu aliyeolewa Malindi. Binti ampenda, na mdomo wake ni mzito. Nimempigia, nikamwambia, "Binti akuambie wewe, mimi usiniambie, ila ikiwa ni mtu mzima au jambo la hatari." Amekubali kwa sharti nisimuulize. Jana nimeshamuuliza. Akanikatia simu.

Mvuli wa Matondoni:
Na huyo wa Shela je, mama? Binti mmemtafutia mtu. Yeye mmemwachia sisi wa barazani.

MamaLangoni:
Wewe nawe! Haya, mjombake huvua pamoja na mume wangu, angeweza kusema naye kiume. Lakini itabidi kwanza mume wangu ajue kuna mvulana.

BiMkomani:
Kumbe hata babake hujamwambia!