Ukuta wa uwanjani: Bolt au Phelps? Fundi anakuja Jumamosi

mwana_wete
Assalamu alaykum nyote. Tumechangishana, rangi ishanunuliwa, fundi wa kuchora anakuja Jumamosi. Nafasi iliyopo ni ya mwanamichezo mmoja tu na rekodi yake ya Olimpiki. Vijana wamegawika mapande mawili, huku mkimbiaji Usain Bolt, huku muogeleaji Michael Phelps. Nisaidieni, nani anastahiki zaidi?

bint_mkoani
Waalaykumu salaam. Ndugu yangu, umetupa nusu ya swali. Ukuta wa skuli au wa klabu? Watakaoutazama ni watoto wa umri gani, wanaume tu au na wanawake? Na rekodi ipi ya Bolt? Kwenye Olimpiki alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.69 Beijing 2008, kisha 9.63 London 2012. Ile 9.58 inayotajwa kila siku ni ya Berlin 2009, mashindano ya dunia ya riadha, si Olimpiki. Mwambieni fundi mapema, msije mkaifuta wiki ya pili.

kaskazi77
Bolt. Beijing upepo ulipimwa ukawa sufuri, hakusukumwa na kitu. Mita za mwisho alishaachia mikono, anajipiga kifua, na bado saa ikasoma 9.69. Kuna jambo moja watoto wanalipenda: mita 100 yeye anazimaliza kwa hatua 41 hivi. Nilimpimia mwanangu wa miaka tisa pale uwanja wa Maisara, akahesabu mwenyewe kwa sauti, akafika themanini na ushei. Tangu siku ile hanisemeshi habari nyengine.

nahodha_mdogo
Sisi ni watu wa bahari, tunaandikaje mkimbiaji? Phelps Beijing alichukua dhahabu 8, na katika hizo 8, saba zilikuwa rekodi za dunia. Fainali ya mita 200 za kipepeo miwani yake iliingia maji, akawa haoni ukuta. Akawa anahesabu mapigo ya mikono mpaka akagusa, 1:52.03, rekodi ya dunia. Mtu aliyewahi kupiga mbizi na barakoa inayovuja anajua hiyo ni kazi ya namna gani.

kaskazi77
Na yale mavazi? Mwaka ule waogeleaji walivaa nguo maalumu zinazowapunguzia msuguano wa maji, na mwaka uliofuata Roma rekodi 43 za dunia zikavunjwa katika mashindano mamoja. Ikabidi zipigwe marufuku kuanzia 2010.

nahodha_mdogo
Walivaa wote, si yeye peke yake. Na rekodi yake ya mita 400 za mitindo minne, 4:03.84, nguo zikapigwa marufuku na yenyewe ikabaki mpaka 2023, alipokuja Mfaransa Léon Marchand. Miaka kumi na tano! Ingekuwa ni nguo tu, isingedumu hivyo.

mzee_wa_nungwi
Wanangu, niruhusuni niseme kwa urefu, maana jambo hili liliniuma.

Idi moja tuliwashindanisha vijana wetu kuogelea, kutoka dau moja mpaka jengine. Tulipima kamba mita 100, tukatia nanga. Kuna kijana, nitamwita Mtoto wa Maji, alimaliza kwa sekunde 51 kwa saa ya simu yangu. Pwani nzima ilipiga kelele. Bingwa wa dunia siku zile alikuwa akitumia 47 na kitu, na huyu wetu hajawahi kuliona bwawa! Tukamwambia huyu ni wa Olimpiki. Nilisema hivyo mbele ya mama yake.

Tukamtafutia nafasi kwenye bwawa la hoteli moja, asubuhi mapema wageni wakiwa wamelala. Tukapima vizuri, kwa mkanda, kwenda na kurudi. Akatoka kwa dakika moja na sekunde 31. Akarudia, ikazidi. Akakaa ukingoni miguu ndani ya maji, hakutaka kututazama.

Niliporudi nyumbani nikafungua kalenda. Siku ile ya Idi ilikuwa bamvua, yaani maji makubwa, na yanakupwa kwa nguvu. Mkondo ulikuwa unamchukua. Na dau la pili nanga ilikuwa imeburura, tulipolipimia tena lilikuwa mita sabini tu. Kijana hakudanganya. Sisi watu wazima ndio tuliomdanganya, na kuogelea akaacha.

Kwa hiyo mimi sijali mnaandika nani. Andikeni na masharti yake: bwawa la mita 50, na kwa mbio fupi upepo wa nyuma usizidi mita 2.0 kwa sekunde. Mtoto ajue rekodi hupimwaje.

bint_mkoani
Maalim, umenitoa machozi. Yuko wapi sasa?

mzee_wa_nungwi
Anavua. Ana watoto wawili.

mwana_wete
Samahani nilichelewa, umeme ulikatika. Ukuta ni wa uwanja wa mtaa, urefu kama mita nne. Watoto ni wa miaka saba hadi kumi na nne, wanawake kwa wanaume, na jioni wanawake ndio wengi zaidi.

bint_mkoani
Haya, hilo ungelisema mwanzo! Basi jibu langu ni Sifan Hassan, mkimbiaji wa Uholanzi. Paris 2024 alichukua shaba mita 5,000, shaba mita 10,000, kisha siku ya mwisho marathoni, 2:22:55, rekodi ya Olimpiki, akimtangulia Tigst Assefa kwa sekunde tatu. Medali akaenda kuipokea amevaa hijabu. Watoto wetu wa kike wanaambiwa kila siku kwamba nguo zao na michezo haviendi pamoja. Waone.

kipanga_chake
Naunga mkono mwanamke. Lakini mbona hakuna anayemtaja wa kwetu Tanzania? Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, medali mbili za fedha Moscow 1980, na Olimpiki hatujapata nyengine mpaka leo. Na Alphonce Simbu juzi 2025, dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, alimpita Mjerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde.

kaskazi77
Hizo za Bayi na Nyambui ni medali, si rekodi. Mada ni rekodi.

kipanga_chake
Bayi alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, 3:32.16, Christchurch 1974!

kaskazi77
Ya Jumuiya ya Madola. Si Olimpiki.

ustadh_h
Na mimi nauliza: ukuta unaelekea msikiti? Kama unaelekea, picha ya mtu itazua maneno. Andikeni jina na nambari tu, kwa herufi kubwa.

mwana_wete
Unaelekea, ubavuni. Hilo sikulifikiria kabisa. Na fundi keshachukua nusu ya pesa kwa kuchora sura.

nahodha_mdogo
Rangi mmenunua ya mafuta au ya maji? Wete chumvi inakula ya maji kabla ya masika. Skrepeni ukuta kwanza, muuoshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, ukauke siku mbili.

mzee_wa_nungwi
Na mkiwapimia watoto kuogelea, ngojeni siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, na saa ambayo maji yamesimama. Kamba ya mkanda nnayo, nitaileta Pemba mwenyewe kwa boti ya Alkhamisi.