Madalali mnaoiba picha za magari ya watu: hii Altezza HAIUZWI!

Wakuu, habari zenu. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna kurasa za madalali wa magari hapa Dar zinachukua picha ninazopiga mimi, za gari yangu mimi, zinakata jina langu kwenye kona, zinabandika namba ya simu juu ya boneti, halafu zinatangaza inauzwa. Altezza yangu haiuzwi. Haijawahi kuwekwa sokoni tangu iingie mikononi mwangu na sina mpango huo.

Tangazo lililonifikisha hapa ni la wiki hii: "Altezza kali, namba D, otomatiki, AC ya kutosha, haijawahi kupata ajali, milioni 9.5 maongezi yapo." Picha nne, zote zangu. Ili zisitambulike haraka, picha za nje wamezigeuza kushoto-kulia. Angalieni vizuri: usukani umehamia kushoto na maandishi ya kwenye buti yanasomeka kinyumenyume. Ya ndani wameiacha kama ilivyo, na hapo ndipo uongo unaonekana peupe, maana kijiti cha gia kiko katikati ya picha na juu ya kirungu chake kumechorwa gia sita. Gia sita za mkono, na tangazo linasema otomatiki! Huyu mtu hajaiona gari anayoiuza hata kwa macho. Chini watu wanauliza "bei ya mwisho ngapi mkuu?", "ipo wapi nije kuiona?"

Kwa wasioijua, hii ni toleo la RS200, lenye chasisi aina ya SXE10. Toyota walianza kuiuza Altezza Japani mwaka 1998, ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka huko kwao msimu wa 1998-1999, na nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Altezza yenye injini ya 1G ya silinda sita chasisi yake ni GXE10, hiyo ni gari nyingine kabisa ukiishika. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, lita 2.0, ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza, na ya gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Injini hii inataka uizungushe. Chini kule imetulia, ukipita 6,000 ndiyo unajua kwa nini watu wanaihangaikia.

Nimeijenga taratibu, kipande kwa kipande, kwa mshahara. Nilipoipata, mtu alishaitoa taa za nyuma za kiwandani akaweka za bei rahisi zenye ukungu ndani. Na taa za kiwandani ndizo zilizoipa gari hii sifa, zile za mduara mwekundu ndani ya kioo cheupe, zilizoigwa na watengenezaji wa vifaa dunia nzima mpaka mtindo wenyewe ukaitwa jina la gari. Nilizitafuta orijino mpaka nikazipata. Nikaishusha kwa koilova (springi na shokapu za pamoja unazoweza kurekebisha urefu wake), si kwa kukata springi kama tunavyoona mitaani. Nikaweka spoti rimu za inchi 17 za rangi ya shaba, nikarudia rangi ya bluu baada ya fundi kukwangua pati yote ya zamani hadi kwenye bati. Dashibodi sijaigusa, ile ya vimita vitatu vidogo ndani ya mduara wa spidi kama saa ya mkononi. Anayeibadilisha ile sijui anatafuta nini.

Halafu ndiyo zinakuja picha, na hapa ndipo watu wanasema "si picha tu?" Si picha tu. Kwenda Coco Beach kabla jua halijatoka baharini, na gari uliyoiosha jana usiku, ni kazi. Mwanga mzuri haukai. Jua likishapanda kidogo, bodi yote inaanza kupiga mng'ao na mistari ya milango inapotea. Natumia lenzi ya milimita 85 na kusimama mbali, kwa sababu ukisogea karibu na lenzi pana pua ya gari inavimba na umbo lake linaharibika. Kamera naishusha mpaka usawa wa taa za mbele. Usukani naukata ili uso wa rimu ndio uelekee kwenye kamera, si kashata za tairi. Filta ya polaraiza naizungusha taratibu mpaka ule weupe wa anga kwenye kioo cha mbele upungue na usukani uonekane ndani. Ile picha ya pembeni yenye Daraja la Tanzanite kwa mbali, ambayo jamaa kaigeuza akabandika namba yake ya simu, niliifukuzia sana kwa sababu mawingu yalikuwa yanaziba mwanga kila nikijipanga.

Sasa sikilizeni madhara yake. Kijana mmoja kutoka Morogoro alishatuma hela ya "kushikilia gari". Kaja Dar, simu ya dalali haipatikani, na bahati mbaya au nzuri akaiona gari yangu sheli. Alisimama mbele ya boneti akasema haondoki mpaka apewe gari yake au hela yake. Watu wakajaa, wengine wakaanza kurekodi. Ilibidi nitoe kadi ya gari yenye jina langu na kitambulisho ndipo wakaelewa. Yule kijana hakuwa na kosa lolote, na alipokaa chini pale pembeni ya pampu nilikosa cha kumwambia. Hela yake haijarudi mpaka leo. Mtu kaibiwa kwa kutumia kazi ya mikono yangu.

Dalali mwingine niliyemwandikia kwa ustaarabu, kwa tangazo la zamani, alinijibu: "Bro si nakukuzia jina?" Kisha akaniblock. Jina gani, na wewe umelikata?

Picha ni mali ya aliyeipiga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha sawa na inavyolinda maandishi na muziki. Ukiikata, ukaigeuza, ukaweka namba yako, hujapata haki yoyote. Na nyie wenye kurasa za wapenda magari mnaoposti bila kutaja mwenye picha, mnajua fika kwamba huko kwenu ndiko madalali wanakochota. Washkaji zangu kadhaa wameshaacha kuposti. Mmoja ana Impreza nzuri sana, sasa anaipiga picha na kuzifungia kwenye simu.

Wapo madalali waaminifu, nawaheshimu. Wanaifuata gari ilipo, wanaipiga kwa simu kwenye vumbi la yadi, na ndoo ya kuoshea inaonekana nyuma. Picha mbaya ya gari iliyopo ina thamani kwangu kuliko picha yangu mikononi mwa mwizi. Wewe mnunuzi, ukikuta tangazo lenye picha za kupendeza kupita kiasi na bei ya kuvutia, omba video ya leo inayoizunguka gari, namba zionekane, boneti ifunguliwe na namba ya chasisi isomeke. Linganisha na kadi. Usitume hata shilingi ya kushikilia kabla hujaigusa.

Na wewe mwenye ukurasa, unajijua. Ondoa picha zote nne leo. Faili ghafi ninazo zote kutoka kwenye kamera, zikiwa na tarehe na saa, na picha za skrini za tangazo lako nilishazihifadhi pamoja na namba ya simu. Kesho asubuhi naenda polisi, na kijana wa Morogoro amekubali tuongozane. Nikitoka hapo napita COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Mdau yeyote aliyekutana na tangazo lingine la Altezza ya bluu, rimu za shaba, taa orijino za nyuma, aweke picha ya skrini hapa chini, namba ya dalali ionekane. Nazihitaji kabla ya kesho.

Nawasilisha.