Glaida ya stairofomu inapanda, inaganda hewani, inachomeka pua. Nakosea wapi?

Kijana wa Njiro: Wakuu, habari za jioni. Nipo Arusha. Nimeunda glaida ya rimoti kwa stairofomu ya boksi la TV, haina injini. Mabawa ni sm 120 ncha hadi ncha, upana sm 18, ndani nimepitisha fito ya mwanzi. Ina sevo mbili za gramu 9 (vimota vya kusogeza usukani wa mkia), risiva ya kupokea mawimbi ya rimoti, na betri nne za AA za kuchaji nilizozipanga chini ya bawa. Jumla gramu 430, nimepima kwa mizani ya dukani.

Nikiirusha kwa mkono inainua pua, inapanda kidogo, inaganda, halafu inadondoka kama embe. Mara sita leo! Jumamosi nataka kuipeleka Kisongo, nisaidieni kabla haijawa unga.

Mzee Solda: Dogo, iweke juu ya vidole viwili, kimoja kila bawa. Inatulia ukishika wapi, ukipima kutoka ukingo wa mbele?

Kijana wa Njiro: Sm 8, mkuu.

Upepo wa Meru: Hiyo ni hewa ya Arusha, tupo juu sana. Refusha mabawa.

Mzee Solda: Hapana, ndugu yangu. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya Tanga. Itaruka na kutua kwa kasi zaidi kidogo, basi. Haiwezi kuinua pua kwa sababu hiyo.

Dogo, mkia wako ni mzito. Bawa la sm 18 lililonyooka, anza kwa kuifanya itulie kwenye sm 5 badala ya 8. Yaani unataka kusogeza uzito sm 3 mbele: 430 mara 3 ni 1,290. Gawa kwa uzito wa betri, tuseme gramu 110, unapata karibu 12. Sogeza betri sm 12 kuelekea puani. Usibandike vipande vya risasi puani kuongeza uzito wakati mzigo unao tayari. Ila mkia umekuwaje mzito hivyo?

Kijana wa Njiro: Aibu… Niliubandika kwa supaglu, ikala stairofomu mpaka kidole kikapita. Nikajaza gundi ya moto, nikazungushia selotepu.

Mama Fundi: Hahaa, sote tumepita hapo! Supaglu ya kawaida inayeyusha, na gundi ya viatu vilevile. Tumia ile nyeupe ya maseremala, ilaze usiku kucha. Huo mkia kata, tengeneza mwingine, uimarishe kwa vijiti viwili vya mishikaki. Ukishapungua, hizo sm 12 za Mzee hazifai tena, rudi kwenye vidole.

Na Kisongo achana nako, uwanja wa ndege uko hukohuko. Tafuta nyasi ndefu mbali na njia ya ndege, na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, uwaulize kwanza.

Kijana wa Njiro: Mrejesho! Mkia mpya umepungua gramu 12, betri nimeisogeza sm 6 tu. Leo imeteleza hatua 22 kwenye tambarare, pua imetulia. Mbuzi walikimbia. Sasa nataka kuirusha juu kwa kuivuta na kamba yenye mpira, ndoano ya kamba niifunge wapi?

Mzee Solda: Mbele kidogo ya pale vidole vinapotuliza. Ukiiweka nyuma itapinduka ikiwa bado kwenye kamba. Mpira kata tyubu ya baiskeli.