Mrejesho: homosisteini iliyokuwa 24

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu homosisteini (asidi amino ya kwenye damu, hupanda vitamini B12 au foliki zikipungua) ya maikromoli 24 kwa lita (kawaida ni 5 hadi 15) pamoja na ganzi ya miguu, kwa mtu anayetumia metformini (dawa ya kisukari, ambayo huweza kushusha B12) miaka mingi.

Ushauri uliosaidia kuliko yote ni kupima B12 kabla ya kuanza asidi ya foliki. Foliki peke yake huweza kurekebisha upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. B12 ilikutwa chini. Figo na tezi ya shingo, ambavyo navyo vikiwa na hitilafu huweza kupandisha homosisteini, havikuwa na shida. Daktari akaanza na sindano za B12, kisha foliki miligramu 1 kwa siku.

Kipimo kimerudiwa baada ya miezi mitatu. Safari hii sampuli iliwekwa kwenye barafu na kuzungushwa kwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha seli na majimaji ya damu) ndani ya saa moja, maana damu ikikaa, seli nyekundu huendelea kutoa homosisteini na namba hupanda kwa uongo. Jibu: 13.

Ganzi imeisha vifundoni, vidoleni bado ipo. Na mliosema kuishusha namba si kinga ya mshtuko wa moyo mlikuwa sahihi: majaribio makubwa ya vitamini hizi hayakuonyesha kinga hiyo. Dawa za presha na kolesteroli zinaendelea vilevile.